Bwawa, chura na ng'ombe: kweli na uongo kuhusu umeme wa maji

Hadithi hizi unazijua. Umezisikia kijiweni, kwenye daladala, redioni siku umeme umekatika, na huenda umesimulia moja au mbili wewe mwenyewe. Kuna ya chura aliyetaka kuiacha nchi gizani. Kuna ya ng'ombe wa Usangu walioyamaliza maji ya Mtera. Kuna ya bwawa linaloleta mafuriko na ya bwawa lilelile linaloyazuia, na wasimuliaji wa pande zote mbili huapa kwamba ndivyo ilivyo. Tangu uchumi wa kijani uwe wimbo wa kila mkutano, zimezaliwa nyingine: kwamba umeme wa maji ni safi kwa kuwa hauna bomba la moshi, na kwamba anayeuuliza maswali hapendi maendeleo.

Tuzipime basi. Sehemu kubwa ya vipimo vyetu itatoka bonde moja, la Mto Rufiji, kwa kuwa karibu kila ugomvi wa umeme wa maji umeshapita humo. Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Julius Nyerere yote yanakula maji ya bonde hilo. Mara chache tutapiga hodi kwa majirani.

"Umeme wa maji hauchafui hewa."

Kweli kwa mtambo, si lazima kwa bwawa. Maji yakifunika msitu, miti na majani huozea chini pasipo oksijeni, na hapo hutoka methani, gesi inayonasa joto kuliko hewa ukaa kwa mbali. Katika nchi za joto uozaji huo huenda kasi. Mfano mbaya kuliko yote uko Brazil, kwenye bwawa la Balbina katika Amazon: ziwa la kilomita za mraba zipatazo 2,360 kwa mitambo ya megawati 250 tu. Wanasayansi waliolipima wanakadiria kwamba kila uniti yake ya umeme huchafua hewa kuliko uniti ya makaa ya mawe.

Cha kuuliza basi ni umezamisha ardhi kiasi gani ili upate megawati ngapi. Kihansi inatoa megawati 180 kutoka bwawa dogo sana, kwa sababu maji yake huporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya mlima kabla ya kufika kwenye mitambo. Bwawa la Nyerere limefunika zaidi ya kilomita za mraba 900 kwa megawati 2,115, nalo haliwezi kuwekwa fungu moja na Balbina. Mtera ina megawati 80, na ziwa lake likijaa linapita kilomita za mraba 600. Tuitendee haki: Mtera ni ghala la Kidatu pia, yenye megawati 204. Hata hivyo ni ziwa pana, halina kina kirefu, na limekaa mahali pakavu. Kwa hiyo mtu akikwambia "umeme wa maji ni safi", mwulize anazungumzia bwawa gani.

"Mtambo haunywi maji. Yanapita tu, yanaendelea na safari."

Kweli, lakini kweli hii ina mguu mmoja. Mitambo haili maji. Jua ndilo linaloyala, hasa kwenye maziwa mapana kama Mtera. Kisha kuna suala la wakati, nalo ndilo linalowagombanisha watu. Mkulima aliye chini ya bwawa hahesabu maji kwa mwaka, anahesabu kwa wiki. Maji aliyoyangoja Aprili yakimfikia Septemba, ni maji yaleyale, ila msimu umeshampita.

Tazama Ziwa Victoria. Kati ya 2004 na 2006 kina chake kilishuka hadi vivuko vikahangaika na wavuvi wakaburuta mitumbwi kwenye matope. Ukame ukalaumiwa, na kweli mvua zilikuwa haba. Lakini mwaka 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alipopiga hesabu alikuta kwamba takribani nusu ya upungufu wa miaka ile ilitokana na mabwawa ya Jinja, Nalubaale na Kiira, kuachia maji mengi kuliko kiwango kilichokubaliwa tangu enzi za ukoloni. Uganda ilikuwa na njaa ya umeme, ikafungua mlango. Walioona ziwa likirudi nyuma walikuwa pia watu wa Mwanza na Kisumu, ambao hawakuwa na mkono kwenye mlango huo.

"Chura wa Kihansi alitaka kuzima umeme wa nchi."

Uongo. Mtambo ulijengwa, ukawashwa, na unazalisha hadi leo. Aliyeondoka alikuwa chura.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, wataalamu waliokuwa wakikagua korongo la Kihansi, kwenye safu ya Udzungwa, walikuta chura wa manjano asiyezidi sentimita 3. Hatagi mayai kama chura wengine. Huzaa vitoto vilivyokamilika, vyenye miguu, vya milimita chache tu. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si kwingine kokote duniani, katika eneo la hekta mbili hivi za majani yasiyokauka mwaka mzima. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, na bahari yake ilikuwa ile.

Mwaka 2000 mto ukageuziwa kwenye handaki. Sehemu kubwa sana ya maji yaliyokuwa yakiporomoka, kama asilimia 90, ikaondoka, na manyunyu yakaisha. Chura karibu 500 walichukuliwa haraka kwenda kulelewa kwenye bustani za wanyama Marekani, zikiwamo za Bronx na Toledo. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga manyunyu ya asili, na kwa muda yalisaidia. Mwaka 2003 chura wakapukutika ghafla. Ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu ulikutwa kwao, na viuatilifu vya mashambani navyo vilitajwa. Mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kutoweka porini. Tangu 2012 wameanza kurudishwa korongoni, jambo ambalo ni nadra kwa amfibia aliyekwisha kutoweka.

Waliolalamika kwamba fedha nyingi zimemwagwa kwa ajili ya vyura walikuwa na hoja nusu. Fedha zilimwagwa, ndiyo, kwa sababu ukaguzi ulikuja wachimbaji wakiwa wameshaingia ndani ya mlima. Kiasi kidogo cha maji kilichoachwa mtoni hatimaye kingeweza kupangwa tangu kwenye michoro, kwa bei ya karatasi.

"Ng'ombe wa Usangu ndio waliokausha Mtera na kutuletea mgawo."

Uongo kwa sehemu kubwa, tena uongo uliowagharimu watu mali na makazi. Huu tukae nao.

Historia yake unaikumbuka. Miaka ya 1990 nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme. Kuanzia 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukawa unakatika kiangazi, na viboko wakabaki wakisongamana kwenye madimbwi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia, akiwa London, kwamba mto ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mgawo uliporudi kwa kishindo mwaka 2006, vidole vyote vikaelekea kwa wafugaji walioko Ihefu, ardhi oevu ya Usangu. Kati ya 2006 na 2007 Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na wengine wakaondolewa na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Malalamiko yalikuwa mazito kiasi kwamba Rais Jakaya Kikwete aliunda tume kuyachunguza. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na hifadhi hiyo ya Ruaha.

Sasa tupige hesabu ambayo mfugaji yeyote angeweza kuipiga. Ng'ombe mmoja anakunywa kama lita 30 kwa siku. Chukua laki tatu, idadi ya kutosha kabisa: watakunywa mita za ujazo 9,000 kwa siku. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Mitambo ya Kidatu ikifanya kazi yote hupitisha zaidi ya mita za ujazo 100 kila sekunde. Ng'ombe wana kesi nyingine za kujibu, za malisho kuchakaa na kingo za mito kukanyagwa, lakini kesi ya kunywa umeme ifutwe.

Mto ulikauka kwa nini, basi? Nenda Ng'iriama, mahali ambapo maji ya Ihefu hutokea kuingia Ruaha Mkuu. Pana kizingiti cha mwamba. Kina cha maji kikiwa juu ya kizingiti, mto unaendelea. Kikishuka chini yake hata kwa upana wa kiganja, haipiti hata ndoo moja. Kinachokishusha wakati wa kiangazi ni mabanio ya umwagiliaji huko juu, yanayoendelea kuvuta maji kwenye mifereji hata pale ambapo majaruba mengi yameshavunwa. Na baadhi ya mashamba makubwa ya mpunga, Mbarali na Kapunga, yalianzishwa na serikali yenyewe. Mkono mmoja ulichimba mfereji, mwingine ukamnyooshea kidole mchungaji.

Kuna jambo la pili, ambalo huwa halisimuliwi. Mtera haitegemei vijito vya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika, kutoka Ruaha Mkuu na pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uingereza, walioifanyia kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta kwamba mgawo ule haukuweza kuelezwa na matumizi ya Usangu peke yake. Namna maji yalivyoachiliwa kutoka Mtera, mwaka hadi mwaka, ilikuwa na mchango mkubwa. Kwa maneno mengine, ghala lilikuwa linafunguliwa bila kuangalia msimu ujao.

Na kama ushahidi huo hautoshi, mifugo iliondolewa 2007. Mwaka 2011 nchi ikaingia kwenye mgawo mkali ambao wafanyabiashara hawajausahau. Ng'ombe walikuwa hawapo tena Ihefu kulaumiwa.

"Mafuriko ndiyo mbolea ya Rufiji."

Kweli. Wazee walikuwa sahihi, na wataalamu wamechukua miaka mingi kuwafikia.

Mto unapofurika masika huacha juu ya bonde tope jipya lenye rutuba. Maji yakishuka, Warufiji hupanda mazao ya mlau: mahindi, kunde, maboga, kwenye udongo ambao bado una unyevu, wakati huko bara ardhi imeshapasuka. Hakuna samadi wala mfuko wa mbolea. Mpunga huwekwa mapema ili ukue pamoja na maji. Mashambani hujengwa madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mtu alale humo akilinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko, na maji yapite chini yake yakitaka. Mafuriko hayohayo hujaza maziwa ya pembeni kama Utunge na Ruwe, na kuingiza samaki wapya humo. Mafuriko yakikosa kuja, ziwa huanza kufa polepole.

Serikali haikuliona hivyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni hadi vijiji vya nchi kavu. Walihama kulala, mashamba wakaendelea kuyalima kulekule, kwa mwendo mrefu zaidi. Mwaka 1975 ikaundwa RUBADA, mamlaka ya kuliendeleza bonde, na ndoto ya bwawa kwenye korongo la Stiegler, ambalo leo ndilo Bwawa la Nyerere, ikakaa mezani kwa miongo minne. Mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulitiwa saini Desemba 2018. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na yote 9 ikawa tayari mwaka 2025.

Umeme huo ni mwingi, na mimi sitausingizia: uwezo wa gridi umekuwa karibu maradufu. Lakini tope lililokuwa likiteremka kila masika sasa linatua kwenye sakafu ya ziwa. Ukuta huachia maji, tope hubaki. Na mbele ya mashamba ya mlau kuna delta yenye takribani hekta 50,000 za mikoko, kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, inayolea kambamiti na samaki hadi mkondo wa Mafia. Delta hujengwa na mashapo. Ikiacha kulishwa, bahari huanza kuila kidogo kidogo. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye sherehe ya uzinduzi, na haina mtambo wa kuipima ubaoni.

"Mafuriko ya 2024 yaliletwa na bwawa." Na ndugu yake: "Bwawa limemaliza mafuriko."

La pili ni uongo mtupu, na Rufiji na Kibiti wanalo jibu. La kwanza, lilivyo, halijathibitika. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba, maelfu wakahama. Mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida, mwaka wa El Niño. Serikali ilieleza kwamba maji yaliachiliwa kwa sababu bwawa lilikuwa limejaa, na kwamba bila ukuta hali ingekuwa mbaya zaidi. Kihesabu inawezekana kabisa: bwawa lenye nafasi hupunguza kimo cha furiko. Lakini bwawa lililojaa halina pa kuweka maji. Ni lazima lifungue milango ili lijiokoe, na mtu wa chini anaona maji yakija bila dalili alizozizoea, si za mawingu wala za rangi ya mto. Elimu ya mababu ya kusoma mto inapoteza kazi mara ufunguo unapohamia kwenye chumba cha mitambo. Ndiyo maana hasira ya Rufiji ilinielea hata pale ambapo tuhuma yenyewe ilikosa ushahidi.

"Kijiji jirani na bwawa huwa cha kwanza kuwaka."

Uongo, na Wakongo watakucheka. Kutoka Inga, mwisho wa Mto Kongo, hadi Kolwezi kuna njia ya umeme ya kilomita 1,700 iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha migodi ya Katanga. Inabeba umeme wa mkondo mnyoofu wenye msongo mkubwa, ambao hauwezi kuchomolewa njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuubadili. Basi nyaya zikapita juu ya vijiji visivyohesabika, na watu chini yake wakabaki na koroboi. Umeme huenda kwa mwenye oda kubwa. Kijiji jirani husubiri mradi mwingine, wa nguzo fupi na transfoma, wenye bajeti yake na siasa zake.

"Tukishakuwa na bwawa kubwa, kukatika kwa umeme kutabaki hadithi."

Uongo, na wala hauhitaji maelezo marefu. Mapema 2024 TANESCO ilizima mitambo kadhaa ya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, huku mitaani watu wakiendelea kuwasha mishumaa kwa sababu ya nyaya chakavu na transfoma zilizoelemewa. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akaeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme wa ndani unaosafirishwa mbali hadi huko unapotea njiani. Kuzalisha ni nusu ya kazi.

"Kwenye foleni ya maji, umeme ndio wa kwanza, maana ni mradi wa taifa."

Uongo kisheria. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zimepanga foleni waziwazi. Wa kwanza ni matumizi ya nyumbani, maji ya binadamu kunywa na kupikia. Wa pili ni mazingira: mto uachiwe maji ya kuufanya uendelee kuwa mto, pamoja na chura, mikoko na samaki wake. Umeme, umwagiliaji na viwanda hufuata nyuma, kwa kadiri maji yanavyotosha. Wenye kusimamia foleni hiyo ni bodi za maji za mabonde, na ya Rufiji ina makao yake Iringa.

Kwa hiyo siku utakapoitwa kwenye mkutano wa kijiji kuelezwa habari za bwawa jipya, waache kwanza wamalize kutaja megawati. Kisha nyoosha mkono uulize: maji ya mto yataachiliwa mwezi gani, kiasi gani, nani atashika ratiba hiyo, na sisi wa chini tutajulishwa siku ngapi kabla mlango haujafunguliwa? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.